Umeme Ulipopiga Chafya

Kwa miezi mitatu swali moja lilininyima usingizi: kitu kilichofanya kazi sawasawa mara kumi kina sababu gani ya kufanya hivyo mara ya kumi na moja? Wengine hukoseshwa usingizi na mapenzi au karo ya watoto. Mimi nilikoseshwa na matundu mawili kwenye bodi ya umeme, madogo kuliko punje ya mtama, ambayo hayakuwa na kitu ndani.

Nawaandikia nyinyi mnaokaa sasa kwenye meza ya dirishani katika karakana ya Hajji Rajabu, Kisenyi, Kampala, juu ya maduka ya spea. Nina miaka ishirini na tisa. Watu wa umri wangu hawastaafu, wanaacha kazi au wanafukuzwa. Lakini sijashika chuma cha kulehemu tangu nishuke zile ngazi, na sina nia ya kukishika tena, kwa hiyo nimeona neno kustaafu linanifaa. Waswa, ambaye mnamjua kwa mdomo wake, aliniambia kwa simu kwamba siku hizi kila bodi ya mashine ya kukanda unga inatoka na diodi, kijipande kinachopitisha umeme upande mmoja tu, kwenye yale matundu, na kwamba mnaambiwa imekuwa hivyo tangu mwanzo. Haikuwa hivyo tangu mwanzo.

Nilipanda ngazi zile kwa mara ya kwanza Jumatatu moja ya mvua, shahada ikiwa ndani ya bahasha na bahasha ndani ya mfuko wa plastiki. Niliogopa isije ikalowa. Hakuna aliyeiomba. Hajji Rajabu alikuwa ameinamia redio ya gari, miwani ikiwa kwenye ncha ya pua. Ni Mnubi wa Bombo, aliyejifunza ufundi kwa kutengeneza redio za jeshi wakati ambapo hapakuwa na spea wala vitabu. Kwake lugha ya kazi ilikuwa Kiswahili, kwa sababu wateja walikuwa Wakongo, Wasomali, Wakenya na askari. Mimi nimelelewa katika kambi ya polisi, baba yangu konstebo kutoka kaskazini, kwa hiyo lugha haikunisumbua. Yaliyobaki yote yalinisumbua.

"Unajua flip-flop?" aliniuliza bila kuinua kichwa.

"Ndiyo, Hajji." Nikachukua kalamu nikamchorea jedwali zima: ingizo hili likiwa moja na lile sifuri, tokeo huwa hivi, yote yakiwa sifuri, tokeo hubaki lilivyokuwa.

Waswa, fundi wake wa miaka mingi, akachungulia juu ya bega langu. "Banange! Injinia wa karatasi ameingia. Nnyabo, dada yangu, hii jedwali yako inawasha taa?"

"Mwache," Hajji alisema. Akavuta droo, akatoa transista mbili, rezista nne, taa moja nyekundu na moja ya kijani. Kabla sijamaliza kuona haya, alikuwa ameviunganisha kuwa flip-flop.

"Hawa ni wawili," alisema. "Kila mmoja akiwa macho, kazi yake ni kumlaza mwenzake. Sasa nani yuko macho?"

Taa nyekundu ilikuwa inawaka. "Wa nyekundu."

"Na wa kijani amelazwa, hawezi kumfanya kitu. Sasa namgusa huyu aliyelala." Aligusa waya kwa ncha ya bisibisi. Kijani ikawaka, nyekundu ikazima. Akaondoa bisibisi. Kijani ikaendelea kuwaka. "Nimeshaondoka. Nani anamwambia aendelee?"

"Hakuna, Hajji."

"Hakuna. Anakumbuka mwenyewe. Mguso mmoja umepita, yeye bado anao. Kompyuta yako, simu yako, lifti, mashine ya dawa, zote ni hawa wawili, wamepangwa kwa maelfu. Jedwali lako ni zuri. Libandike ukutani."

Nilikuwa nimefundishwa mambo hayo kwa miaka minne, lakini niliyaelewa siku hiyo, kwa dakika chache, na nilimpenda yule mzee kwa sababu hiyo. Naliandika hili mapema ili msije mkadhani nilimchukia tangu mwanzo.

Wiki ile ile alinionyesha flip-flop yenye saa, ile isiyopokea kila kinachopita mlangoni. Inangoja pulsi, yaani pigo la saa ya sakiti, ipande. Kilichopo mlangoni wakati huo ndicho kinachoingia, na kilichochelewa kinangoja pulsi inayofuata. Ndiyo maana mashine yenye maelfu ya vipande inaweza kutembea kwa hatua moja bila kusukumana. Nikauliza swali ambalo nilikuwa nalo tangu chuoni.

"Na kama kile cha mlangoni kinabadilika wakati ule ule saa inapanda?"

"Basi inashikwa katikati," Hajji alisema. "Si moja, si sifuri. Inasimama hapo mpaka iangukie upande mmoja."

"Kwa muda gani?"

"Hakuna anayejua. Mara nyingi kufumba na kufumbua. Siku nyingine zaidi." Akaniangalia juu ya miwani. "Kama wewe ukitaka kuvuka barabara."

Waswa alicheka mpaka akaweka mita chini. Kwa miaka yangu yote pale neno likawa hilo: kila nilipokawia kuchagua, hata soda, alisema, "Mwacheni, ameshikwa katikati."

Kazi ya kwanza iliyonipa heshima ilikuwa mashine ya kuhesabu chupa, ya mtu mmoja mwenye kiwanda kidogo cha juisi kule Luzira. Chupa ishirini zilipopita, mashine ilisema thelathini na kitu. Mafundi wawili walishabadilisha kihesabio chote. Mimi, kwa kuwa huwa siamini kitu chochote kikiniambia kimefanya jambo mara moja, nilitazama swichi yenyewe kwenye oskiloskopu, kile kioo kinachochora umeme unavyopanda na kushuka. Chuma kikigusa chuma hakitulii papo hapo. Kinaruka, kinagusa tena, kinaruka tena. Jicho halioni, lakini kihesabio kinaona, na kila mruko ni chupa. Niliweka flip-flop ya watu wawili kati ya swichi na kihesabio: mguso wa kwanza unamwamsha huyu, na miruko inayofuata inamkuta yuko macho tayari, haibadilishi kitu. Ishirini zikawa ishirini.

Hajji alinipa mkono mbele ya mteja. Kwa siku mbili Waswa hakuniita injinia wa karatasi.

Sasa nieleze desturi mbili za karakana ile, kwa sababu bila hizo hamtaelewa kilichotokea. Ya kwanza tuliiita kuazima. Spea mpya zilichelewa, kwa hiyo kulikuwa na sanduku la bodi zilizokufa, na kila aliyehitaji kitu kidogo alichomoa kutoka humo. Tulisema tunaazima. Hakuna aliyerudisha. Mimi tu, kwa wasiwasi wangu, kila nilipochomoa kitu niliweka tone la rangi nyekundu ya kucha mahali pale, ili siku moja nijue pa kurudisha. Waswa alisema napamba maiti. Kwa ile mashine ya chupa niliazima diodi moja ndogo.

Desturi ya pili ilikuwa Kumi za Hajji. Hakuna bodi iliyotoka bila kuwashwa na kuzimwa mara kumi, na aliyebonyeza swichi ya meza, ile inayoleta umeme kwenye bodi, hakuwa fundi, alikuwa mteja mwenyewe. Mahali pa mota tuliweka balbu ili aone. Hajji alikaa na tasbihi, akisogeza punje moja kila mara. Watu walitoka Mulago na Luzira wakapita karakana nyingine nyingi kwa ajili ya zile Kumi. Waliona kwa macho yao, wakabonyeza kwa kidole chao. Hata mimi, nisiyeamini kitu, niliona ni desturi ya haki.

Mwaka wangu wa nne wenye mikate wakaanza kuja. Zile mashine za kukanda unga kutoka nje zina bodi inayoungua haraka, na bodi mpya hazipatikani. Hajji akasema tutengeneze zetu. Akatoa bodi moja ya zamani kwenye sanduku, Waswa akainakili njia kwa njia, na ikawa mfano wetu.

Sakiti yake ni rahisi. Kitufe cha kijani kinamwamsha wa kwanza, mota inazunguka. Kitufe chekundu kinamwamsha wa pili, mota inasimama. Flip-flop inakumbuka kidole cha mwisho. Ila kuna jambo moja ambalo jedwali langu halikulisema. Umeme ukikatika, wale wawili wanasahau kila kitu. Ukirudi, wanaamka pamoja, kila mmoja akitaka kumlaza mwenzake, na anashinda yule mwenye nguvu kidogo zaidi siku hiyo, joto hilo, transista hiyo. Mota inaweza kuanza bila mtu kuigusa. Kwa hiyo mwenye akili huweka kapasita ndogo: umeme unaporudi, kapasita inajaa umeme polepole, na mpaka ijae, flip-flop inashikiliwa upande wa kuzima. Mashine inaamka imelala, kama inavyotakiwa.

Mfano wetu ulikuwa na kapasita hiyo. Lakini kando yake kulikuwa na matundu mawili matupu.

"Hapa palikuwa na kitu," nilimwambia Waswa.

"Hii mashimo ni ya ziada. Wachina wanatoboa tu."

Nilimpelekea Hajji. Akaigeuza bodi mara moja. "Kama ingekuwa na kazi, ingekuwepo. Mashine ya Mama Shamsa inangoja."

Mama Shamsa alikuwa mjane wa askari, Mnubi kama Hajji, mwenye tanuri la mikate hapo hapo Kisenyi. Alikuja kuchukua bodi yake Ijumaa baada ya sala, na kikapu cha maandazi ya moto. Nilimwona akikaa kwenye stuli, akikunja mkono wa buibui, na kubonyeza swichi kwa kidole cha shahada kama mtu anayepiga muhuri.

"Moja," alisema. Hajji akasogeza punje. Akangoja. "Mbili." Kila mara balbu ilibaki imezima mpaka alipobonyeza kitufe cha kijani. Ilipofika kumi akasema alhamdulillahi, akanipa andazi, akaniuliza, "Mbona huli, mwanangu? Umekunja uso kama unakula shubiri."

"Nafikiria tu, Mama."

"Fikiria na huku unatafuna."

Nilikuwa nafikiria kwamba alibonyeza taratibu. Kuzima, kungoja, kuwasha. Umeme wa Kampala haukatiki hivyo. Mara nyingine unapotea kwa muda wa chafya moja, taa zinafumba na kufumbua, na watu hawakatizi hata mazungumzo. Katika muda wa chafya, flip-flop inasahau. Lakini kapasita haijapata nafasi ya kujimwaga; bado imejaa. Umeme ukirudi, inadhani kazi yake imekwisha, haishikilii mtu. Ili imwagike haraka inahitaji mlango wa nyuma, diodi moja ndogo kando yake, mahali penye matundu mawili.

Niliyajua haya Ijumaa ile? Nimejiuliza mara nyingi kuliko nilivyoweza kuhesabu. Niliyajua kama mtu anavyojua ameacha jiko limewaka: hana hakika, na anaendelea na safari.

Jumatatu nilichukua bodi nyingine ya aina ile, Waswa akiwa ameenda kula, nikazima na kuwasha swichi haraka, chafya baada ya chafya. Mara ishirini hivi. Mara mbili balbu iliwaka yenyewe.

Nilimwita Hajji. Akakaa, akashika tasbihi, akaiwasha mwenyewe taratibu mara kumi. Hakuna kitu.

"Haraka, Hajji. Fanya haraka."

"Swichi ya meza ni ya zamani," alisema. "Inaruka. Wewe mwenyewe ulitufundisha swichi zinaruka, kule Luzira." Alisema bila dhihaka, na hilo ndilo lililonimaliza. Labda ilikuwa swichi. Labda ilikuwa kidole changu. Nilianza daftari. Nilipiga hesabu za kapasita, za joto la tanuri, za mota. Nilijiambia nikiwa na hakika kamili nitasema tena, kwa sauti. Wakati huo bodi zilikuwa zinatoka. Zilitoka kumi na moja pamoja na ya Mama Shamsa, kila moja na Kumi zake.

Na kulikuwa na jambo jingine ambalo daftari halikuwa nalo. Bodi ya mfano ilikuwa chafu kwa vumbi na mafuta, na mimi nilikuwa nimewahi kuazima diodi kutoka bodi fulani ya sanduku lile. Nilikuwa na spiriti ya kusafishia. Nilikuwa na kitambaa. Siku moja nilikaa na vyote viwili mkononi mbele ya bodi ile, nusu saa nzima, kisha nikaviweka chini nikaenda kununua chai.

Miezi mitatu ikapita hivyo. Siku moja asubuhi, kabla ya saa nne, taa za Kisenyi zilifumba na kufumbua. Nakumbuka redio ya jirani ilinyamaza nusu ya neno ikaendelea. Mama Shamsa alikuwa amezima mashine na mkono wake wa kulia ulikuwa ndani ya bakuli, anakwangua unga ulioganda pembeni. Ndoano ya chuma ikaanza kuzunguka.

Mkono ulivunjika mahali pawili na kiwiko kikapinda. Hospitalini Mulago walimfunga plasta, wakamtunza wiki kadhaa. Kiwiko hakikurudi kunyooka.

Karakanani habari ililetwa na Waswa, na kwa mara ya kwanza sikumsikia akitania. Hajji alisema, "Aliacha imewashwa. Umri. Anabonyeza kijani, anasahau." Alisema hivyo kwa mteja wa kwanza aliyeuliza, na kwa wa pili, na kufikia Alhamisi mtaa mzima ulikuwa unasema hivyo, kwa huruma.

Nilienda kumwona nyumbani kwake alipotoka hospitali. Binti zake walikuwa jikoni. Alikaa kwenye mkeka, mkono kifuani.

"Nimejaribu kukumbuka," aliniambia. "Wallahi naona kabisa nimebonyeza chekundu. Lakini Hajji ni mtu wa haki, na nilihesabu mwenyewe zile kumi. Basi nimeanza kuzeeka, mwanangu. Nimewaambia wasiniache tena peke yangu na jiko."

Nilimwekea chungwa kwenye sahani, nikamenya, nikaondoka. Mkitaka kujua siku niliyojidharau kupita zote, ni hiyo. Mkono ulikuwa umevunjwa na mashine. Akili yake tulikuwa tunaivunja sisi, na alikuwa anatusaidia.

Nilirudi moja kwa moja karakanani, nikamimina spiriti kwenye kitambaa, nikasugua kando ya matundu mawili. Mafuta yalitoka, vumbi likatoka. Tone la rangi nyekundu ya kucha halikutoka.

Ilikuwa mimi. Nilichomoa diodi mwaka wangu wa kwanza ili nipewe mkono mbele ya mteja wa Luzira, na miaka mitatu baadaye tukainakili ile nafasi tupu kwa uaminifu mkubwa, mara kumi na moja. Hakuna mafundi wengine duniani ambao wangeweza kukosea hivyo. Lazima uwe na sanduku kama letu na mzee anayeheshimiwa kama wetu, na lazima uwe na mimi.

Msidhani nilikuwa jasiri baada ya hapo. Nilifanya kwanza lililo rahisi. Nilinunua diodi, na kwa Jumamosi mbili nilizunguka kwenye matanuri yale kumi mengine na chuma cha kulehemu kwenye begi, nikisema ni huduma ya bure ya karakana. Watu walifurahi. Mmoja alinipa mikate miwili. Kila diodi ilinichukua dakika nne. Nilipopiga hesabu ya dakika zile na miezi ile mitatu, nilitupa daftari kwenye pipa la taka la mtu.

Ikabaki bodi moja, ya mashine iliyofunikwa gunia, kwa sababu hakuna aliyetaka kuigusa. Nilikawia siku nne nyingine. Nilijiuliza ingemfaidi nini Mama Shamsa kujua. Nilijiuliza Hajji ataishi kwa kitu gani, na nyinyi mtakaokuja mtajifunza wapi. Maswali mazuri yote. Nilikuwa nimeshikwa katikati, na niligundua kwamba nikikaa hapo nitakuwa nimechagua bila kuwajibika. Siku ya tano nikabisha mlango wa Mama Shamsa.

"Mama, nimekuja kukwambia hukusahau."

Nilimweleza yote, kama Hajji alivyonieleza mimi: wawili wanaolazana, umeme unapokatika wanasahau, kapasita, mlango wa nyuma uliokosekana. Nilimweleza kuhusu rangi ya kucha. Alisikiliza bila kunikatiza. Nilipomaliza aliuliza jambo moja.

"Siku ile nahesabu kumi, nawe umekunja uso. Ulijua?"

"Nilikuwa na wasiwasi, Mama."

"Wasiwasi." Alilitazama lile neno kana kwamba nimeliweka kwenye sahani. "Andazi langu ulilila?"

"Nililila."

Kisha akamwita binti yake aitoe bodi kwenye mashine. "Beba," aliniambia. "Tunakwenda kwa Hajji. Utasema mbele yake haya uliyosema hapa, watu wakiwepo. Nimeitwa mzee mbele ya watu."

Ilikuwa Alhamisi saa tano. Kulikuwa na wateja watatu, mmoja Mkongo mwenye redio mapajani. Hajji alisimama alipomwona.

"Karibu, Mama Shamsa. Mkono unaendeleaje?"

"Muulize injinia wako."

Niliunganisha bodi kwenye meza, nikaweka balbu. Waswa, namshukuru, alinishikia waya. Nilieleza. Hajji alisikiliza akitazama tasbihi yake.

"Tuiwashe mara kumi," alisema mwishowe.

"Kumi zako nilishazifanya," Mama Shamsa alisema. Akakaa kwenye stuli ile ile. Mkono wa kulia haukufika, basi akageuka akaweka wa kushoto kwenye swichi. "Nifanye vipi, injinia?"

"Kama chafya, Mama. Zima, washa."

Alifanya mara moja. Hakuna kitu. Mara ya pili, ya tatu. Mkongo alikohoa. Mara ya nne hakuna kitu, na nikaanza kufikiria labda ni swichi, labda ni kidole, labda nimemharibia mtu jina lake bure. Mara ya saba balbu iliwaka. Hakuna aliyekuwa amegusa kitufe cha kijani.

Mama Shamsa aliiacha iwake. Aliitazama, kisha akawatazama wateja mmoja mmoja, mpaka kila mmoja alipoinamisha macho.

"Nani alichomoa ile diodi?" Hajji aliuliza. Sauti yake ilikuwa ndogo.

"Mimi, Hajji. Na nilikwambia balbu inawaka yenyewe, ukasema ni swichi. Kisha nikanyamaza."

Alivua miwani, akaipangusa kwa kanzu, akaivaa. Nilingoja amgeukie Mama Shamsa. Nilingoja neno moja tu, mbele ya watu wale watatu.

"Injinia," alisema, "acha ufunguo mezani."

Niliweka ufunguo wa karakana kando ya tasbihi. Mama Shamsa alikuwa ameshasimama. Alichukua bodi yake mwenyewe kwa mkono wa kushoto, lakini Hajji akanyoosha mikono kuipokea, na baada ya kusita kidogo Mama Shamsa akampa. Tulishuka pamoja, yeye mbele, akishika ukuta kwa sababu reli iko upande wa kulia. Hakuniaga.

Nilikuwa bado kwenye ngazi za chini nilipoisikia swichi ya meza juu yangu. Zima, washa. Zima, washa. Haraka, bila kungoja, na hakuna aliyekuwa akihesabu.